Mifuko Mitatu ya Clavery

Mwaka ule bei ya kahawa ilipanda hata watu wa Bukoba wakaanza kuvaa viatu siku za kazi. Ndipo Clavery alipomwona Ta Kagaruki, karani mstaafu, akitoka Boma na bahasha nene. Ilikuwa na kiinua mgongo chake, shilingi elfu moja. Clavery akanyoosha tai, akapanda baiskeli, akamfuata taratibu mpaka kwake Kitendaguro.

"Ta, fedha ya uzeeni haikai mahali pamoja," alisema alipokwisha kukaribishwa rubisi, pombe ya ndizi. "Kibanja chako kina kahawa, migomba na maharage. Kahawa ikikataa, ndizi zitakulisha. Mimi nina mifuko mitatu: wa kahawa, wa ngozi, wa samaki. Mmoja ukianguka, miwili itakuinua."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na huo ndio uliokuwa ustadi wake. Uongo ulikuwa mmoja tu: mifuko yote mitatu ilikuwa ya suruali yake. Walimu wastaafu wa Nshambya walikwisha kuitia shilingi mia nne.

Ma Ephrasia, mke wa Kagaruki, aliacha kumenya ndizi. "Elfu yote utaipata, baba. Ila tuna magunia kumi ya kahawa kule Kagoma, nasi tumechoka kuyalinda. Tuondolee yote kwa mia nne. Sokoni ni mia nane. Njoo kesho kutwa."

Mia nne juu, kisha elfu! Clavery hakulala.

Kule Kagoma alizamisha mkono katika kila gunia mpaka kiwiko. Kahawa safi! Akamlipa Ma Ephrasia zile mia nne zote, na baiskeli akamwachia mwenye lori iwe nauli ya mzigo.

Huko Muleba, mnunuzi Mushumbusi alichoma gunia kwa bambo, akachoma chini kabisa. Yakatoka makapi. La pili, makapi. La tatu, makapi na majani makavu ya mgomba.

Clavery alirudi Kitendaguro akifoka. Akawakuta walimu wa Nshambya wameketi barazani, kila mmoja na fedha yake mkononi. Mkubwa wao, Mwalimu Josia, alikuwa kaka yake Ma Ephrasia.

"Tuite polisi?" Kagaruki aliuliza kwa adabu.

"La, Ta. Ya nini kuwasumbua?"

"Basi niambie. Mwenye mifuko mitatu, mbona fedha zote ulizitia kwenye kahawa?"

Clavery alikuna kichwa. "Bei ilikuwa nzuri, Ta."

Wazee walicheka hadi machozi, naye akajikuta anacheka. Wakamsogezea sahani ya ndizi na maharage. Akala, akashukuru, akashika njia ya bandarini kwa miguu.

Jioni Kagaruki aligawa kiinua mgongo chake: fungu la kuweka Posta, fungu la ng'ombe wa maziwa, fungu la mabati ya nyumba ya kupangisha.

"Shauri la yule kijana lilikuwa zuri," alisema.

"Zuri sana," alijibu mkewe. "Na fungu la nne?"

"La nne la nani?"

"La aliyejaza makapi," alisema Ma Ephrasia, akakinga kiganja.