Majibu Kumi na Tisa ya Ridhwani

Hebu nijibu, mwanangu: wawili wanatazamana kutwa nzima, bati hadi bati, wanasemezana bila mdomo wala waya. Jana waliongea vizuri. Leo mvua imepita, hakuna aliyesogea, na wamekuwa mabubu. Nani kaingia katikati?

Usijibu bado. Swali hilo lilimtoa jasho Ridhwani wa mtaa wa Mapendo, mutu aliyewahi kumuuzia mwenyeji wa Goma gari zima la mawe meusi ya volkano, yaliyojaa hata uani kwake, kwa kusema yametoka ng'ambo.

Kule Keshero kuna shule inayofundisha rezo, mitandao isiyo na waya. Wiki moja kabla ya mtihani wa labo, ule wa vitendo, wanafunzi waligawiwa karatasi ya maswali ishirini. Maswali tu, majibu kila mutu ayatafute kwa kichwa chake. Ridhwani alipolisikia hilo kwenye kibanda cha chai, masikio yalimsimama. Penye swali na uvivu, pana soko.

"Majibu yote nitakupa mbele ya mtihani," alimwambia Munguakonkwa, dereva wa lori la Sake aliyetaka cheti ili aagane na mashimo ya barabara.

"Na yakikosa?"

"Papa, mi ni mutu wa kukosa?"

Munguakonkwa akavua jaketi lake la ngozi, akampa. "Likikosa hata moja, utanirudishia jaketi, na meno mawili juu yake."

Wenzake watano wa darasani nao wakatoa: huyu simu, yule vitenge.

Kulikuwa na shida moja ndogo. Ridhwani hakujua antena inatazama mbele au nyuma. Basi akamwendea Mama Perpétue, fundi wa rezo, mjane mwenye uso wa mutu anayesali rozari.

"Mama, niko nasoma pale Keshero. Papa anaumwa, sikupata nafasi ya kufungua daftari. Unisaidie majibu ya karatasi hii."

Mama akamtazama viatu. Akatazama jaketi na kifungo chake chekundu.

"Pole ya papa, mutoto wangu. Lakini jibu haliingie kwa sikio, linaingia kwa mukono. Swali moja, bati moja. Panda."

Akapanda. Swali la kwanza, la kuelekeza antena, alilijibu juu ya duka la mikate. La tano, la neno la siri, alilijibu kwenye duka la dawa, jua likimkaanga kisogo. La tisa lilimwangusha ndani ya pipa la maji la mwenye nyumba. Kila jioni aliandika majibu yake akicheka moyoni: mama huyu mujinga, anagawa elimu bure kama salamu! Siku ya sita alimaliza nyumba ya kumi na tisa, mtaa wa Lac Vert, vidole vimefungwa plasta, majibu kumi na tisa mfukoni.

"Na la ishirini, mama?"

"Hilo nitakuuliza mwenyewe."

Kesho yake mvua ilianza alfajiri. Ilipokatika, Ridhwani alirudi kwenye ile nyumba ya Lac Vert. Akamkuta mama uani, na kando yake Munguakonkwa na wale watano, mikono kiunoni.

"Shemeki," Munguakonkwa akamwambia mama, "mwizi wako wa majibu njo huyu?"

Shemeki! Kumbe mama ni shemeji wa dereva! Ridhwani akasikia meno mawili yakimuaga.

"Nilijua siku ya kwanza," mama akasema. "Hicho kifungo chekundu cha jaketi nilikishona mwenyewe."

"Na zile nyumba kumi na tisa?" Ridhwani akauliza.

"Wateja wangu. Mufanyakazi wangu alihamia Bukavu, kazi ikanilemea. Mungu akanitumia weye. Wanakushukuru mingi, na wote wamekwisha kunilipa."

Wale sita walicheka mpaka wakashikana mabega. Munguakonkwa ndiye aliyenyamaza wa kwanza. "La ishirini liko wapi? Mtihani ni kesho."

"Liko pale juu," mama akasema. "Antena uliifunga jana, Ridhwani, na rezo ikapita. Leo umeme upo, taa zote kijani, hakuna kilichosogea, na rezo hakuna. Nani kaingia katikati?"

Ridhwani akavua jaketi, akamrudishia Munguakonkwa, akapanda. Bati lilikuwa linateleza. Akachuchumaa nyuma ya antena, akafumba jicho moja, akatazama njia yote mpaka kwenye antena ya pili. Katikati, shambani kwa jirani, majani mapana yalikuwa yanadondosha maji.



"Migomba," akasema polepole. "Majani yamelowa, yanakunywa rezo yote. Munipe mulingoti murefu, niinue antena ipite juu ya majani."