Kichwa Kinauma, Foklifti Naitaka

Jumatatu, 16 Juni
Kiwandani kwetu Mbagala neema imeshuka! Nesi Kokuberwa katupa semina: kipandauso si uvivu, ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Kuna chumba kipya cha kupumzikia wenye kipandauso. Giza, kiyoyozi, kitanda. Kitanda, jamani! Papo hapo bosi katangaza kwamba Ijumaa anachagua dereva wa foklifti. Ni mie au Mwishehe, mtani wangu wa Kizaramo. Mgongo umechoka kubeba maboksi, na mke wangu, Mama Hope, nimeshamwahidi kuwa mumewe atakuwa dereva. Mpango: nalala mpaka Alhamisi, Ijumaa napanda foklifti nikiwa freshi. Akili ninazo!

Jumanne, 17 Juni
Saa nne nikashika kichwa, nikalia kuwa mwanga unaniua. Nesi kanionea huruma mpaka nikaona aibu. Aibu ikaisha mto ulipofika. Nimelala usingizi wa pono.

Jumatano, 18 Juni
Tena! Mwishehe kaingia kajitanda khanga, analia kilio cha msibani: Mnyamwezi wake Leodegar, yaani mie, anakufa, nani atarithi wali wake? Akarithi yeye, wote, na mchuzi. Utani ni utani, sina pa kushitaki. Nimebana kicheko mpaka machozi yakanitoka. Nesi kadhani ni maumivu, kaita daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Alhamisi, 19 Juni
Daktari kaja. Kasema niguse pua yangu. Nikagusa yake. Kasema nitembee juu ya mstari. Nikayumba, nikamwangukia. Nilinoga! Kasikitika sana, kasema mwenye kizunguzungu haendeshi mtambo wowote mpaka achunguzwe. Lahaula! Nikaruka, nikasema nimepona. Kasema ndivyo ulivyo ugonjwa huu, huja na kuondoka.

Ijumaa, 20 Juni
Ilibidi bosi anione mzima. Nikafungulia singeli kwenye simu, nikacheza mbele ya ofisi yake, miguu haishiki chini. Mwishehe akapiga yowe: mshikeni mgonjwa! Wakanibeba mzobemzobe hadi chumba cha giza. Nje nasikia pii pii pii. Mwishehe, juu ya foklifti yangu! Nimelia kweli. Nesi kanifunika shuka.

Jumamosi, 21 Juni
Sijashindwa! Bosi anatafuta dereva wa akiba. Nimempigia daktari: aliyeyumba juzi ni pacha wangu Kulwa, alinishikia zamu. Mie ni Doto, mzima wa afya. Kafurahi mno! Kasema mapacha ndio anaowatafuta kwa utafiti wake, Jumatatu twende wote wawili. Mama Hope kauliza huyo pacha nitamtoa wapi. Wanawake bwana, imani ndogo! Kiwanda kizima mwenye urefu wangu na kitambi changu ni mmoja tu. Kesho asubuhi naenda kwa Mwishehe kumwomba awe Kulwa. Ni mtani wangu, hawezi kuniangusha.