Damu ya Ziada ya Sydney Wamalwa

Mtaa mzima wa Kaptembwo, mtu aliyekuwa na damu ni mmoja tu: Sydney Wamalwa, mwendeshaji boda boda. Sisi wengine tulikuwa tunazungusha maji ya rangi!

Hayo ni maneno yake, si yangu. Shamba moja la maua njia ya kwenda Gilgil lilikuwa linatafuta walinzi. Mbio za kilomita tano, kumi wa kwanza wanapata kazi. Basi Sydney akageuka daktari wa stendi yetu.

"Mwili ni pikipiki," alituhubiria. "Damu ni oili. Jaza oili, injini ingurume!"

Na oili yenyewe? Juisi ya bitiruti, kile kiazi chekundu kama damu! Wiki nzima kwa kibanda cha Mama Namalwa, jagi asubuhi, jagi jioni, hadi meno yakawa kama ya fisi aliyetoka harusini.

"Na hewa je?" nikamuuliza.

"Hewa ukishaivuta, boss, huitoi ovyo. Nyinyi mnapumua nje sana, ndiyo maana mnachoka!"

Akaziba pua kutuonyesha. Macho yakamtoka kama chura aliyekanyagwa. Midomo ikawa zambarau, ingawa na bitiruti ile nani angejua?

"Sydney, pumua!" Mama Namalwa akafoka. "Usinifie kwa kibanda!"

Kibii, mwenzetu wa stendi, mwembamba kama waya wa kuanikia nguo, akaweka chini strungi yake, chai isiyo na maziwa, akasema naye atakimbia.

"Wewe?" Sydney akacheka. "Huna damu hata ya kushibisha mbu!"

Siku ikafika. Mimi nilienda kumwona akiaibika, lakini niseme ukweli, hata kama unaniuma: jamaa alikimbia! Kilomita ya nne alikuwa namba tano. Halafu zile jagi zikaanza kugonga mlango. Akachepuka nyuma ya kichaka, mara moja tu.

Tukasikia nduru.

"Nakufa! Nakojoa damu! Imejaa mpaka inamwagika!"

Akajilaza chini, simu sikioni. "Mama, mnizike Bungoma. Na pikipiki msimpe Kibii!"

Wakimbiaji wakampita. Mmoja, wawili, watano. Wa sita, Kibii mwenyewe, akamruka kama mtaro.

Nesi wa shamba, Chelagat, akaja na begi. Akapima presha, akasikiliza mapafu, akatazama yale meno.

"Umekunywa nini?"

"Bitiruti kidogo. Majagi."

"Basi hiyo ni juisi inatoka. Damu yako iko ndani. Moyo unaisukuma kwa mapafu, inaacha hewa chafu, inabeba safi, inarudi kazini. Imekushinda wewe, maana yenyewe haijalala chini."

"Naweza kuendelea?"

"Endelea tu. Wa kumi ameshafika."

Kibii!

Siku hizi Sydney akipeleka abiria kule shambani, lazima asimame getini. Kibii, ndani ya sare inayomtosha mara mbili, anaizunguka pikipiki polepole, polepole kabisa.

"Fungua mdomo, boss."

Sydney anafungua. Kibii anakagua jino baada ya jino, abiria akishangaa.

"Haya, pita. Ukibanwa, choo ni kile pale. Mathe wako kule Bungoma usimpigie, umwache apumzike."