Kipima Mionzi Kwenye Kiwanja cha Wapagazi

Wenzangu wa chuo, leo nimeadhirika mchana kweupe.

Mnakumbuka ile habari ya redioni, ya mitambo ya angani iliyowekwa kuvizia mabomu ya atomiki, ikanasa mimweko ya miale ya gama kutoka mbali kusikojulikana? Imenilevya. Basi leo kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinaamua kama shule ijengwe kwenye kiwanja walipokuwa wakilala zamani watu wa misafara. Wazee hawataki. Wanasema wapagazi waliofia njiani wamezikwa pale, na mizimu yao ingalipo. Bila shule, naendelea kufundishia ghalani, kati ya magunia ya pamba.

Nikaenda na kipima mionzi, kisanduku tulichoachiwa na wapima madini. Nikajigamba: "Hiki ni mdogo wa ile mitambo ya angani. Penye kitu kitapiga kelele. Pasipo kitu, ni tik ya hapa na pale tu." (Mizimu na mionzi, wapi na wapi. Lakini wazee walikuwa wakiitikia kwa vichwa, nikanogewa.)

Nikakiweka chini. Tik. Kimya. Tik. Upepo ulikuwa umekata, hata njiwa walikuwa wamenyamaza. Nikainama kukigeuza kwa mkono wa kushoto.

Kikatatarika kama bisi kikaangoni. Nikautoa mkono, kikanyamaza. Nikaurudisha, kikatatarika tena. Nywele zilinisimama.

"Wanajibu," akasema Bibi Nyamizi, mmoja wa wale wazee, taratibu, kama anayetaja majirani zake.

Sijui nani alikimbia wa kwanza. (Najua. Ni mimi.) Kiatu kimoja nilikiacha. Nilipofika shamba la pamba nikageuka: watu wote wamekaa palepale, wananitazama.

Mzee Salum, fundi saa aliyehamia kutoka mtaa wa Ng'ambo kule visiwani, akaniita. "Mwalimu, ulipoondoka kimenyamaza. Mizimu imekufuata wewe?"

"Shikamoo, mzee," nikasema. Nikarudi nikichechemea.

"Marahaba. Hebu vua saa yako, uisogeze hapo."

Nikaisogeza. Kikatatarika. Ile rangi ya namba zinazong'aa gizani ina mionzi. Nililifundisha somo hilo wiki iliyopita, ubaoni, na mchoro juu.

Kikao kikaendelea, mimi na kiatu kimoja. Wamekubali kwamba hakuna mizimu, shule ijengwe palepale. Ila wanaiomba wilaya iwaletee mwalimu asiyekimbia.

Katibu wa kikao ni mimi, kwa hiyo barua ya kumwomba huyo mwalimu nimeiandika mwenyewe. Atakayecheka asiniandikie.