Kabati la Sambusa na Samaki wa Wageni

Alhamisi, 2 Oktoba

Naanza kuandika leo kwa sababu mtu wa kiwango changu akifa bila kuacha maandishi, historia ya jimbo letu la West Nile itabaki na tundu katikati. Mimi ni Taban, fundi baiskeli, Arua mjini. Majeshi ya nchi tatu yamepanda baiskeli nilizoziba mimi. Kanali mmoja wa Congo alinipigia saluti barabarani. Wengine wanasema alikuwa anafukuza nzi. Hawakuwepo.

Jana nilikuwa Koboko, harusini. Nikakalishwa karibu na Haji Muzamili. Kijana wake, Isa, anataka kumwoa Latifah, binti wa marehemu kaka yangu, na mimi ndiye nimesimama badala ya baba. Haji akaanza kujisifu. Ati sebuleni kwake iko saa inayotoa adhana mara tano kwa siku. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Ningefanya nini? Nikasema sebuleni kwangu iko samaki kumi na wawili, wazima, wanaogelea kando ya kochi. Wa rangi ya dhahabu, nikaongeza, maana watu walikuwa wamenyamaza vizuri.

Haji akasema vema, atawaona Jumamosi ya tarehe 11 akija na wazee kuposa. Akauliza, mtu akidanganya juu ya samaki, atasema kweli juu ya binti? Mdomo wake ulicheka. Macho hayakucheka.

Nina siku tisa. Samaki sina hata mmoja.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimechukua kabati la vioo ambalo mke wangu Hawah anauzia sambusa. Akauliza sambusa zikae wapi. Nikasema kwenye ndoo, mteja wa kweli hali kwa macho. Hajasema nami tangu adhuhuri.

Viungo vyote nimeziba kwa vipande vya tyubu na gundi ya panchari. Maji jeriken saba. Halivuji. Linatoka jasho tu, upande wa kochi.

Jioni Latifah akarudi kazini. Yuko maabara ya kliniki, anatafuta malaria kwa darubini, basi anafikiri kila kitu kidogo anakijua yeye. Akatazama kabati, akasema, "Baba Mdogo, maji haya bado hayajakomaa." Nikacheka mpaka nikakaa. Akaeleza kwamba uchafu wa samaki unageuka sumu ndani ya maji, na kuna vijidudu vizuri vinavyokula sumu hiyo, ila lazima kwanza vizaliwe na kujaa kwenye mawe. Mwezi mzima, pengine zaidi. Nikamuuliza kama anataka nimpigie Haji simu nimwambie asubiri, vijidudu vyangu havijazaliwa. Akaingia jikoni. Posa ni yake, lakini akili ni yangu.

Jumapili, 5 Oktoba

Samaki watatu wa dhahabu wamefika kwa basi kutoka Kampala, ndani ya mfuko wa plastiki, mapajani mwa rafiki yangu muuza viatu. Watatu si kumi na wawili. Lakini wakizunguka mbio, nani atawahesabu?

Hewa nawapulizia mwenyewe kwa pampu ya baiskeli, nimeingiza mpira wake majini. Mia moja asubuhi, mia moja jioni. Nimewapa ugali wa muhogo, donge kama ngumi, maana wametoka safari. Latifah alisema niutoe. Kwetu mgeni hanyang'anywi chakula.

Jumatatu, 6 Oktoba

Wamelala ubavu. Nikasema ni uchovu wa basi. Latifah akasema wamekufa. Maji yamekuwa meupe kama maziwa. Nikasema ni baraka. Akasema ni ugali.

Hawah ameongea leo. Ameuliza kama sasa kabati lake linarudi.

Sikukata tamaa. Nikampigia Ramathan, rafiki yangu wa kambi ya wakimbizi ya Omugo, akaniletea vidonge vya kusafisha maji ya kunywa. Kidonge kimoja kwa jeriken moja. Nikaweka kumi na vinne, mimi si mtu wa kupima kwa kijiko. Kufika alasiri maji yalikuwa safi, gazeti unaweza kulisoma upande wa pili. Latifah akainama, akanusa, akakaa chini sakafuni. Akasema hata kijidudu kilichokuwa kinafikiria kuzaliwa, sasa kimeghairi.

Jumanne, 7 Oktoba

Jana usiku Latifah amemwaga maji yote, akajaza mengine kwenye ndoo wazi yakae, dawa ya bomba itoke. Anasema imebaki njia moja. Mzee Okuonzi wa Ombaci ana bwawa la samaki la miaka kumi. Mawe yake yana utelezi, na huo utelezi ndio vijidudu vyenyewe, vimeshakomaa. Tuvihamishe.

Nimekataa. Okuonzi ni mwalimu mstaafu, na mwaka jana aliwaambia watu sokoni kwamba niliishia darasa la nne. Uongo mtupu. La tano nilikuwa nimelianza.

Latifah akaenda mwenyewe alfajiri, akarudi na ndoo ya mawe, akaiacha barazani, akakimbilia kazini. Nikafunua. Aibu. Mawe yana kamasi ya kijani, yananuka kama soksi. Nikamwelewa Okuonzi mara moja: anataka wageni wangu waone uchafu wake ndani ya nyumba yangu. Basi nikayasugua kwa sabuni, kisha nikayachemsha saa nzima kwenye sufuria kubwa ya pilau. Katika nyumba hii mgeni hapewi kitu ambacho hakijachemshwa. Yakang'aa kama mayai.

Latifah aliporudi alitazama sufuria, akauliza, kwa upole sana, nimepika nini. Nikamwonyesha. Akalia. Akasema yeye hataki samaki, anamtaka Isa, na amechoka kuwa samaki wa kumi na tatu katika uongo wangu.

Sikula jioni. Kidogo tu nilikula.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda Ombaci kwa baiskeli. Njiani panchari. Pampu nimeiacha nyumbani, iko kwenye kabati. Basi fundi mkuu wa West Nile akaingia kwa Okuonzi akisukuma.

Okuonzi alikuwa anakula karanga. Akasema, "Darasa la nne, karibu." Nikameza. Nikaomba. Akataja masharti: Jumamosi akae kiti cha mbele, na nimtambulishe kwa wageni kama mwalimu wangu. Nikakubali kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikakubali kwa sauti kubwa.

Akatupakia wote kwenye pikapu yake: mawe machafu, ndoo tatu za maji ya kijani, mimi, baiskeli, na ngege mmoja jike, mkubwa kama ndala yangu. Akasema huyu ni samaki mgumu, hata ukimkosea atakusamehe. Tulipofika nyumbani akamwonya Latifah asiniachie sabuni.

Rangi yake ni ya sufuria. Lakini ukimmulika tochi kutoka chini, ukafumba jicho moja, dhahabu ipo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Yuko hai. Siku ya pili. Nimempa jina Meja. Nikishika pampu anakuja mpaka kwenye kioo, anafungua mdomo, ananitazama mpaka nimalize mia moja. Hakuna mtu katika nyumba hii ambaye huwa ananitazama muda wote huo. Asubuhi namwamkia. Ni kwa ajili ya kumzoesha wageni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamekuja. Haji na wazee sita, kanzu zinameremeta. Okuonzi kiti cha mbele, na tai shingoni. Nikamtambulisha kama mwalimu wangu. Akawauliza wageni kama wangependa kujua wa darasa gani. Nikakohoa kwa muda mrefu.

Haji akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akainama, akahesabu. Ilichukua muda mfupi.

"Taban, iko moja tu?"

Nikasema wale kumi na mmoja wako Kampala, wanapimwa macho. Wazee wakatazamana. Latifah alikuwa mlangoni na sinia ya bilauri za maji. Akaiweka sinia chini kabla ya kufika kwa wageni. Nikajua kwamba mimi ndiye nimemponza.

Haji akanyooka taratibu. Akasema sasa ameelewa. Akawaambia wazee kwamba kila nyumba aliyokwenda kuposa amelishwa samaki angara wa kukaushwa, wa tangu mwaka juzi. Lakini mtu huyu anamweka samaki wa mgeni akiwa hai, ndani ya kioo, mpaka mgeni amchague kwa kidole chake. Heshima ya namna hii hajaiona hata Kampala. Akanyoosha kidole.

"Huyo huyo. Pilipili kidogo, mama, tumbo langu liko na safari."

Mgeni wa posa akishataja chakula, humnyimi. Ukimnyima umemkataa kijana wake. Nikamtazama Latifah. Yeye alimtazama Meja, kisha akanitazama mimi. Mafuta ya Hawah yalikuwa motoni tayari. Alikuwa amelisubiri kabati lake siku nane.

Okuonzi akakunja mkono wa shati, akamtoa kwa mshiko mmoja. Mimi nilikuwa bado napuliza pampu, sijui kwa nini.

Maneno yalikwenda laini. Posa imepokelewa, harusi tarehe 15 Novemba. Haji alikula mpaka mashavu ya samaki. Mkia nikapewa mimi, kwa heshima ya mwenye nyumba. Nikasema nimefunga. Walikuwa wamenishuhudia nikimaliza sahani mbili za pilau.

Jumapili, 12 Oktoba

Ushindi mkubwa. Mji mzima unaongea juu ya mpango wangu, niliouandaa tangu mwanzo. Jana wakati wa kuwasindikiza nilimshika Haji mkono, nikamwambia harusini nitaleta Koboko samaki arobaini, wazima, kila mgeni achague wake. Pamoja na mamba mdogo, wa kutazama tu.

Latifah amehesabu kwa vidole. Anasema zimebaki karibu wiki tano, nikianzisha maji leo yatakomaa kwa wakati wake. Nikamwambia asinifundishe mambo ya haraka. Wiki ya mwisho inatosha, na sasa nina uzoefu.

Hawah anataka kabati. Nimemwambia bado linavuja, lazima niliangalie siku kadhaa.

Halivuji. Leo asubuhi, kabla hawajaamka, nimekaa mbele yake. Ndani hamna kitu ila maji na mawe. Nimepuliza pampu mara mia moja, zote. Halafu nikasema asalaam aleikum, Meja, nikaenda kufungua karakana.