Kamati ya Milango na Umri wa Mashine

Mfuniko wa sufuria ya uji ulianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, nami nikautangazia umma wa jikoni, yaani mkwe wangu Loyce na kuku wawili, kwamba leo mkoa wa Singida unaingia rasmi katika soko huria la kompyuta. Mwenyekiti wa Kamati ya Milango na Umri wa Mashine nilikuwa mimi. Niliteuliwa kwa sababu ninajua kusoma na sisinzii vikaoni.

Binti mmoja, Jenipher, alikuwa ametengeneza kiunzi, yaani msingi ambao zahanati, shule na vinu vya alizeti vingejengea programu zao. Sisi tulitakiwa kuamua mambo mawili: programu za nje zibishe hodi mlango upi, na mashine ya toleo gani ndiyo kongwe ya mwisho kuhudumiwa.

La milango nililimaliza kwa dakika tano. Malalamiko yapokelewe sebuleni, kutoka kwa mwananchi yeyote asiye mjumbe, na mashine atakazozitaja zifunguliwe mpaka Kamati ikae. Lakini mahali pa kubadilishia umri wa mashine ni kama chumba cha mama mkwe: haingii mtu, ila mashine ya Kamati.

"Hata mimi niliyejenga, bibi?" Jenipher aliuliza.

"Hasa wewe, mjukuu wangu."

Kwenye umri, katibu wetu Antipasi alisimama. "Toleo la tisini na nane kwenda mbele! Hili ni soko huria. Mwenye kuukuu akanunue mpya."

"Nesi Dorika wa Sekenke ana la tisini na tano," Jenipher alisema. "Ndilo analoagizia chanjo za watoto. Mkilikata, kila chanjo ataifuata huku mjini kwa lori."

Tulimhurumia sana Dorika. Tukaiandika huruma hiyo kwenye muhtasari, tukapitisha tisini na nane.

Kesho yake niliifunua mashine ya Kamati kitambaa changu cha kufuma, nikaiwasha. Ikaandika: Toleo lako limepitwa na wakati. Wasiliana na Kamati.

Kumbe nayo ni ya tisini na tano. Hatukuwahi kuiuliza, si adabu kumwuliza mkubwa umri wake.

Sebuleni wajumbe haturuhusiwi, basi tukawasiliana na Kamati. Antipasi aliandika barua, nikaipokea, nikaigonga muhuri, nikamjibu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Siku ya tatu Dorika alishuka kwenye lori, na kasha la chanjo begani. Alitukuta tumekaa nje, kwenye benchi la wenye shida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta lalamiko?"

"Nimeleta, ingawa najua mtalitupa."

"Tulitupe!" Antipasi aliruka. "Dada yangu, tafadhali, lalamika kwa nguvu zako zote!"

Tulimweleza yaliyotupata. Hakucheka. Alinipangusa vumbi begani, akaomba kalamu, na kwenye barua ya lalamiko, chini ya jina la mashine yake, akaongeza: Na ile ya wazee wa Kamati, nao wanateseka.

Jenipher akaiingiza barua kupitia sebuleni. Mashine zote mbili zikafunguka. Niliushusha umri hadi tisini na tano nikiwa bado nimesimama, na Antipasi akaniunga mkono mara mbili.

Dorika akalibeba kasha lake.

"Bibi, mwaka jana mlikuja Sekenke kukagua. Mkala kuku, mkaondoka. Karibuni tena. Safari hii mwingie na chumba chenye mashine."