Jinsi Mzee Eliudi Alivyoshuka Garini Kule Annandale

Tegeni masikio, enyi wakazi wa Adelphi na Annandale, nanyi mliojibanza vyumbani Shaw, Waswahili wote wa Washington na vitongoji vyake huku Marekani. Zimeni simu zenu, wala asinyanyuke mtu kwenda kuchungulia sufuria, maana nawasimulia habari za Eliudi, simba wa wajumbe, mshenga asiyepata kukataliwa, ambaye Jumamosi moja ya mwaka elfu mbili na nne alishuka garini. Wapo watakaosema kushuka garini si kitu. Hao hawakuliona gari.

Liliundwa na fundi mmoja wa Maryland miaka ya hamsini, gari la majaribio, la pekee duniani, kwa kuwa fundi yule aliamini kwamba ifikapo mwaka elfu mbili wanadamu wote watapanda vyombo vya namna ile: magurudumu matatu, fimbo mahali pa usukani, na badala ya paa na milango, kuba ya plastiki angavu kama kifuniko cha keki, iliyojishusha yenyewe dereva alipoketi. Kiprotich, nesi mwenye moyo mkunjufu, alilirithi kwa mgonjwa aliyemtunza. Naye akamwazima Eliudi, ili barua ya posa ya Elisante, mpwa wa Eliudi, ifike kwa heshima. Maana upande wa Jacqueline, binti anayeposwa, ulikwishatoa neno, kwamba mshenga asiyekuwa sebuleni saa tisa arudi na barua yake.

Saa tisa kasoro robo shujaa akasimamisha gari mbele ya nyumba ya kina Jacqueline, suti imenyooka, barua mkononi. Kuba ikakataa kufunguka. Akaisukuma kwa viganja, akaigonga kwa kisogo, akaigombeza kwa Kipare; wapi! Kiprotich alikuwa zamu, simu kaizima. Jua la Julai likaanza kumtokosa Eliudi taratibu, na wazee wa mwali, waliojipanga dirishani, wakanong'onezana kwamba huyu anaringa, anataka kushushwa kama balozi.

Jacqueline akatoka mbio, machozi yakimlengalenga. "Shangazi, nicall fire department?"

"Hakuna binti wa ukoo huu atakayeposwa na zimamoto," akajibu Honorata, shangazi jabali, bawabu wa desturi. Akalizunguka gari. Alipomwona mtu mzima mwenzake amelowa jasho namna ile alimwonea huruma kwelikweli, lakini chombo cha watu hakivamiwi. Akakunja kidole, akagonga kuba.

"Hodi humu ndani."

Ewe adabu, mama wa ushindi! Malezi ya Usangi, kwao Upareni, yakamzidi Eliudi nguvu, yakaishinda hata hofu. "Karibu, mama, karibu sana," akasema, na kama mwenyeji yeyote akasogea upande wa pili ili mgeni apate pa kukaa.

Kuba ikainuka. Kumbe fundi yule aliitega isifunguke maadamu dereva yuko kitini pake, na muda wote ule Eliudi alikuwa ameikalia kufuli yake mwenyewe.

Akashusha mguu wa kushoto, akashusha wa kulia, akasimama wima juu ya lami. Wazee wakaanza kulumbana kwamba ni saa tisa na dakika nne. Honorata akawakata kauli.

"Mtu anatokota, na bado anasogea kukupisha. Kwao binti yetu hatakosa pa kukaa. Lete barua, baba."

Basi andikeni, enyi waandishi wa zama: miaka ile ambayo wanadamu wote walitabiriwa kuendesha magari ya kuba, aliendesha mmoja tu. Na alishuka.